Kucha Nyekundu za Kerugoya

Msichana aliyenibandika kucha kule Kerugoya alijua nusu ya kazi yake. Kubandika alijua. Alinishika kidole kimoja kimoja, akakikwaruza kwa tupa ndogo, akaweka tone la gundi, akabonyeza ukucha wa plastiki huku akihesabu hadi kumi kimoyomoyo. Tulikuwa wapambe sita, na bibi harusi, rafiki yangu tangu chuo cha uhazili, alikuwa ameamua kwamba sote sita tutashika maua kwa vidole vyekundu. Gundi ya kwenye boksi iliisha kwenye kidole changu cha kwanza, gumba la kulia. Msichana hakubabaika. Alitoka nje akarudi na kichupa cha supaglu, ile ambayo mafundi wa viatu hubandikia soli na akina mama huzibia beseni zilizopasuka.

"Na hii itatoka?" nikamuuliza.

"Itatoka tu, auntie. Kwani itakaa milele?"

"Itatoka aje?"

Akafikiria kidogo. "Hapo sasa sijui. Mimi nilifunzwa kuweka. Ya kutoa hatukufika."

Mtu mwenye akili angeinuka hapo hapo akaenda zake. Mimi nilimpa kidole cha pili. Niseme ukweli, nilizipenda kucha zile. Kwa miaka miwili mikono yangu ilikuwa ya kushika viwele, kukata majani ya nepia ya ng'ombe na kuchuma majani chai, na pale kwenye kiti cha plastiki, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nilitazama chini nikaona mikono ya mtu ambaye angeweza kuwa mahali pengine.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mume wangu aliuza mabati na misumari katika duka la mtu huko Kenol, akilala chumba kimoja na wanaume watatu, kwa hiyo mimi niliachwa Tetu kwa mama yake. Alikuja mwisho wa mwezi, akala, akalala, akaenda. Tulikuwa na ng'ombe wawili, na ng'ombe hajui Krismasi wala mafua. Saa kumi na moja asubuhi wakamuliwe, saa kumi jioni wakamuliwe tena, na katikati uwatafutie chakula. Chini ya kitanda, ndani ya sanduku, nilikuwa na cheti cha kupiga taipu. Mashine sikuwa nayo. Baada ya kuosha vyombo nilikuwa nikikaa mezani nikipiga taipu kwenye kitambaa cha plastiki cha meza, vidole vyote kumi, barua ndefu ambazo hazikuandikwa popote.

"Hiyo meza imekukosea nini?" mama mkwe aliniuliza jioni moja.

Mwezi wa Julai barua ikaja, kupitia sanduku la posta la shule. Ofisi moja mjini Nyeri ilitaka mpiga taipu, na mimi niliitwa kwa mtihani, Jumatano saa tatu asubuhi. Nilikuwa nimeomba kazi mara tano katika miaka miwili na hilo ndilo lililokuwa jibu la kwanza. Nilimsomea mama mkwe. Alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Na nani atakamua?" akasema.

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza jinsi mtu anavyouliza kama mvua itanyesha. Lakini mimi nilisikia lango likifungwa. Swali hilo lilikuwa limejibiwa zamani, kabla hata sijazaliwa, na jibu lilikuwa mimi. Usiku huo nilikaa kitandani nikilia kwa hasira, kisha nikajiambia kwamba nitaenda mtihani hata kama ng'ombe watajikamua wenyewe.

Basi Jumamosi, mama mkwe akikubali shingo upande kukamua siku hizo mbili, nikaenda harusi na Jumapili alasiri nikarudi Tetu na kucha zangu kumi. Nilifikiri nitazibandua jioni hiyo, nijipumzishe, nifanye mazoezi mezani Jumatatu na Jumanne. Sikujua kwamba nimejitia kitanzi.

Kwanza sikuweza kufungua vifungo vya nguo. Sikuweza kumenya waru, kisu kiliteleza juu ya viazi kila mara. Nilipokaa chini ya ng'ombe na kushika chuchu, kucha zilimchoma, naye akarusha teke lililokosa goti langu kwa upana wa kidole. Nilijaribu kukamua kwa viganja tu, vidole nikiwa nimevinyoosha kama mtu anayeogopa moto. Maziwa yalitoka kidogo kidogo. Nilipomaliza giza lilikuwa limeanza kuingia, na ukucha wa gumba la kulia, ule wa gundi ya boksi, haukuwepo. Nilipapasa kwenye majani na samadi, nikaukosa, nikafurahi kwamba angalau mmoja umetoka.

Asubuhi ya Jumatatu mama mkwe alibeba mkebe wa maziwa mgongoni, mkanda ukipita kwenye paji la uso, akaenda kituo cha maziwa kama kawaida yake. Hiyo ilikuwa safari yake ya heshima. Hapo kwenye foleni ndipo alipojua nani amezaa, nani amegombana na nani, na ng'ombe wa nani amekauka. Siku zote alirudi na mkebe mtupu akiupigapiga kwa vidole.

Siku hiyo alirudi ameinama. Nilimwona kutoka mlangoni akipanda njia polepole, na kabla hajafika nilijua mkebe umejaa. Kila mtu aliyekutana naye njiani alijua pia, maana mkebe mtupu hauinamishi mtu. Aliuteremsha, akafungua fundo la pembe ya leso yake, akaweka juu ya meza kitu kidogo chekundu.

"Hii ni yako," akasema.

Karani alikuwa amemimina maziwa kwenye chujio, na ukucha ukabaki juu, mwekundu, mbele ya foleni nzima. "Mama, ng'ombe yenu siku hizi inapaka rangi?" akamwambia. Watu walicheka. Kisha akakataa mkebe wote. Mama mkwe alinisimulia hayo kwa sauti tulivu, na utulivu ule ulinichoma kuliko kama angenitukana. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilisema pole, maitu, pole mama, nikasema tena, na yeye akaenda kuwamwagia nguruwe wa jirani maziwa.

"Ukae mbali na ng'ombe wangu mpaka hizo vitu zitoke," akasema aliporudi. "Nitakamua mwenyewe."

Mikono yake ilikuwa na baridi yabisi. Katika baridi ya Julai viungo vya vidole vyake vilivimba, na ndiyo sababu mimi nilikuwa nikikamua tangu siku nilipoingia boma lile. Kwa hiyo nilisimama mlangoni nikimsikia akiguna chini ya ng'ombe, nami na mikono yangu miwili mizima, siwezi kufanya lolote. Kucha tisa. Sijawahi kuhisi nimefungwa namna ile, na hakuna aliyenifunga ila mimi. Mchuma janga hula na wa kwao.

Mchana nikaanza vita. Niliziloweka kucha kwenye maji moto ya sabuni mpaka ngozi ikakunjamana. Hazikutikisika. Nikapaka mafuta ya taa, nikanuka kama kibatari, hazikutikisika. Jioni uvumilivu ukaniisha. Nilichukua wembe, nikauchomeka chini ya ukucha wa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, nikainua kwa nguvu. Ukatoka. Ulitoka na nusu ya ukucha wangu mwenyewe chini yake, na damu ikajaa, na maumivu yakanipanda hadi kwenye jino.

Asiyepiga taipu hajui kidole hicho ni cha nini. Kidole kidogo cha kushoto ndicho kinachokaa juu ya herufi A. Jaribu kuandika sentensi moja ya Kiswahili bila A, uone utafika wapi.

Nilifunga kitambaa, nikabaki na kucha nane na siku moja.

Jumanne nilishuka Nyeri mapema nikaingia duka la dawa la kwanza nililoliona wazi. Nyuma ya kaunta alikaa mzee mmoja aliyevaa sweta mbili. Nilimwekea mikono juu ya kioo. Akavaa miwani, akazitazama, akatazama kitambaa chenye damu, akatingisha kichwa.

"Umevuta," akasema.

"Nimevuta."

"Hii kitu haivutwi. Iko na dawa yake." Akateremsha chupa ya kahawia. "Hii ni asetoni. Kwanza kwaruza hiyo rangi ya juu na tupa, ndio dawa iingie. Halafu upake mafuta kwa ngozi, hapa pembeni, ndio isikuchome. Uloweshe pamba, uweke juu ya ukucha, ufunge na karatasi ya kung'aa, ile haipitishi hewa. Halafu ungoje. Nusu saa. Kama haijalegea, unarudia. Kama imelegea unaisukuma pole pole na kijiti. Umeskia? Unasukuma. Ukisikia uchungu, unaacha, unarudisha pamba."

"Nimeskia."

"Na hicho kidole iko na kidonda usikiguse na hii dawa, utalia. Halafu ingine. Usikae karibu na moto. Hii inashika kama petroli."

Nilirudi Tetu alasiri. Ukungu ulikuwa umeteremka mpaka kwenye michai, na kwa watu wa kwetu, mwezi wa Julai, hakuna kazi inayofanyiwa mahali pengine isipokuwa mekoni. Unachambua mboga mekoni, unasali mekoni, unagombana mekoni. Miguu yangu ilinipeleka mekoni yenyewe. Niliketi kwenye kigoda, nikafungua chupa kwa meno, nikalowesha pamba. Kipande kidogo kikaniponyoka, kikaangukia karibu na mafiga. Moto ulikirukia kabla hakijatulia, ukawaka *fuu*, mrefu, wa buluu, hadi kwenye ukingo wa sketi yangu. Mama mkwe, ambaye viungo vyake havikumruhusu kuinuka haraka, aliinuka haraka. Alinishika kola akanitoa nje, chupa mkononi, kama anavyotolewa mbuzi kwenye shamba la mahindi.

"Unataka kuchoma nyumba ya watu sababu ya urembo?" akafoka. "Kaa huko nje na hiyo petroli yako!"

Nikakaa nje, kwenye benchi chini ya paa la ghala, baridi ikinitafuna masikio. Nilikwaruza rangi. Nilifunga mkono wa kushoto, vidole vinne, kwa pamba na vipande vya karatasi niliyokuwa nimeikata ndani ya pakiti ya majani chai. Karatasi ikaishia hapo. Lakini hata kama ingetosha, mkono uliofungwa ungefungaje wa pili? Nilijaribu. Pamba ilianguka kwenye matope mara tatu. Mara ya tatu niliacha kuiokota. Niliwaza mtihani wa kesho, nikawaza miaka ishirini ya saa kumi na moja asubuhi, nikalia kwa sauti kama mtoto.

Sikumsikia akija. Aliketi kando yangu kwenye benchi, akauchukua mkono wangu wa kulia, akauweka kwenye paja lake.

"Huyo mwenye duka alisema nini? Niambie yote, usiruke."

Nikamwambia yote. Alikwenda akaleta kopo la mafuta ya kukamulia, yale tunayompaka ng'ombe chuchu zisipasuke, akanipaka pembeni mwa kila ukucha, taratibu, akiingiza mafuta kwenye kila mkunjo. Kisha akasema karatasi iko wapi, nikasema imeisha. Akatazama njia, kushoto na kulia. Halafu akaingiza mkono ndani ya blauzi yake akatoa kifuko, na ndani ya kifuko mlikuwa na vipande vya karatasi za kung'aa za pakiti za sigara, vimekunjwa vizuri, na ndani ya kila kimoja ugoro.

Nilisahau hata kulia. Mama mkwe alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani. Nilikuwa nimeishi naye miaka miwili, nikimsikia kila Ijumaa akiwaombea wavuta tumbaku.

"Ukisema nitakuua," akasema.

"Sitasema, maitu."

"Baridi ikinishika mifupa, hii ndiyo inanisaidia." Akamwaga ugoro wote kwenye leso, akafunga fundo. Akapangusa karatasi moja baada ya nyingine, akanifunga vidole vyangu. Kisha akaniambia niweke mikono kwapani, dawa ipate joto.

Tukangoja. Alasiri nzima ilikuwa kungoja. Kila nilipotaka kuchungulia alinipiga kofi gotini.

"Wewe shida yako ni kuvuta," akasema. "Hata ng'ombe ulianza kwa kuvuta, nikakuambia. Anayevuta hapati maziwa, anapata teke. Unabana juu, unashuka, unaachilia."

Nusu ya saa ilipopita alifungua karatasi ya kwanza. Plastiki ilikuwa imelainika kama ganda la maharagwe yaliyolowekwa. Alikata kijiti kwenye ua, akakichonga, akasukuma kutoka chini kwenda kwenye ncha. Ukucha uliinuka nusu ukakwama. Mimi ningeuvuta. Yeye alirudisha pamba, akafunga tena, akaanza kidole kingine. Vidole vyake vilivyovimba, ambavyo asubuhi havikuweza kushika kikombe, vilinishika kwa wepesi ambao sijawahi kushikwa nao, hata na mama yangu. Kucha nane zilitoka moja baada ya nyingine mpaka ng'ombe wakaanza kulia kwa kuchelewa kukamuliwa. Kucha zangu zilikuwa chini yake, nyeupe, nyembamba, zimekwaruzika, lakini nzima. Alizipaka tena mafuta. Kisha akainuka kwenda kukamua, na nilipotaka kumfuata akanikataza. Akasema mikono hiyo ilale.

Jumatano nilifika mapema. Mashine ilikuwa nzito, ya zamani, unapiga herufi kama unapigilia msumari. Karatasi tuliyopewa ilikuwa barua ya Kiswahili, ya kuwaalika wananchi kwenye baraza la kata. Vidole tisa viliuma kwa kuwa laini, na vilifanya kazi. Kile cha kumi kilianza kutoka damu kwenye mstari wa pili. *Wananchi wa kata. Baraza. Wakaazi wanaalikwa.* Nilijaribu kutumia kidole cha kando yake, nikajikanganya, nikarudi. Mama aliyetusimamia alipokuja kuchukua karatasi, alitazama alama za kahawia ukingoni, akatazama mkono wangu. Aliniambia kwa upole kwamba nimekosea machache sana, lakini kasi haitoshi, na kwamba nafasi ni moja. Msichana aliyekaa mbele yangu ndiye aliyeambiwa abaki.

Nilifika nyumbani saa kumi. Mama mkwe alikuwa zizini na ndoo. Aliniona uso akajua.

"Haukupata."

"Sikupata."

Aliweka ndoo chini. Alimkuna ng'ombe kwenye paja. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Jumapili kanisani niliomba ushindwe. Wewe ukiwa Kerugoya. Nilifunga macho nikamwambia Mungu, huyu msichana asiende, nitabaki na nani. Jana nikikutoa hizo vitu nikamwomba tena. Nikamwambia aachane na ile ya Jumapili." Akashika ndoo. "Sasa naona ati alikuwa ameshaandika ile ya kwanza."

Nilikasirika. Nisijifanye mtakatifu, nilikasirika kweli, na kama ningekuwa na kitu mkononi ningekirusha. Nilitaka kumwambia kwamba si Mungu, ni wembe, ni mimi niliyevuta. Na nilitaka pia kumwachia lawama yote aibebe kama mkebe uliojaa. Nilimnyang'anya ndoo kwa sababu vidole vyake havikuweza tena kujikunja, nikakaa, nikakamua. Kucha zangu ziliuma kwa kila tone. Yeye alisimama nyuma yangu mpaka nilipomaliza.

Ukucha wa kidole kile ulichukua miezi sita kuota. Mwanzoni ulitoka umepinda, na mama mkwe akawa na desturi yake. Kila Jumapili baada ya kanisa aliniita nje, kwenye mwanga, akanishika mkono wa kushoto, akakitazama kidole cha mwisho kwa karibu, akakigusa kwa gumba, akaniachilia. Barua za kuomba kazi sikuandika tena. Meza nayo niliiacha ipumzike.

Jumapili ya kwanza ya Januari alikitazama, akakigeuza, akakitazama tena. Ukucha ulikuwa umefika mwisho, mzima. Kesho yake aliamka kabla yangu, akamfungua ng'ombe mkubwa, akasema anampeleka kwa fahali wa jirani. Alirudi saa sita, anachechemea, amebeba kamba tupu begani. Nilitoka mbio nikamuuliza ng'ombe yuko wapi, amefia njiani, ameibwa?

Aliitundika kamba kwenye msumari wake, akaketi, akavua viatu.

"Nimeuza," akasema. "Huyo mmoja aliyebaki nitamweza mwenyewe. Leta kalamu uandike hiyo barua ingine."